Shanga ya sita: tulivyofungua picha ya damu nyumbani kwetu

Nimeombwa niandike juu ya ile picha niliyoileta kwenye kikao chetu, ile karatasi iliyozunguka mikononi mwenu mpaka ikakunjamana. Wengi mliniuliza baadaye: picha ile ilitoka wapi, nani aliichora, na je, mtoto wenu aliye shuleni anaweza kuitengeneza? Nitajibu yote, lakini lazima nianzie mbali kidogo, nyumbani kwangu.

Mwanangu wa tatu ana ugonjwa wa selimundu. Hapa kwetu wengi tunauita tu SS. Alikuwa na miezi minane wakati vidole vya mikono na vya miguu vilipovimba kama vimeumwa na nyuki. Alilia usiku kucha, na mimi nilimbeba mgongoni nikizunguka nyumba hadi majogoo. Kabla yake nilikuwa nimezika mwingine, wa pili, aliyefariki na miaka miwili. Huyo hakuna aliyetuambia jina la ugonjwa wake. Watu walisema amelogwa. Mama mkwe wangu alisema neno moja tu, na alilirudia miaka yote: "Katika ukoo wetu hakuna ugonjwa wa namna hiyo. Umekuja na mwanamke."

Wamama, neno kama hilo linakaa nawe mezani. Ukipika sombe, lipo. Ukienda mtoni, lipo. Na mume wako akinyamaza, linakua.

Siku mtoto alipopimwa damu, tuliambiwa ni SS. Maelezo yalitolewa haraka, na kwa Kifaransa. Nilirudi nyumbani na herufi mbili kwenye kikaratasi, na mama mkwe akabaki na neno lake. Nilijaribu kumweleza kwamba ugonjwa huu unatoka kwa baba na mama, wote wawili. Alinitazama kama mtu anayeuziwa maharagwe yenye mawe. "Umeona kwa macho yako?" aliniuliza. Sikuwa nimeona.

Binti yangu mkubwa anasoma biolojia katika chuo kikuu kule Goma. Likizo iliyopita alikuja na kompyuta ya mkono wa pili, kioo kimepasuka pembeni, betri haidumu hata nusu saa. Jioni moja alinisikia nikilia jikoni. Hakuuliza kitu. Kesho yake aliniambia: "Mama, ile damu naweza kukuonyesha. Hata Koko ataiona."

Alinikumbusha kwanza habari ya Ebola. Nyote mnakumbuka ilivyotangazwa hapa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, mpaka ikatangazwa kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Katika wakati huo walijaribu dawa nne kwa wagonjwa wetu, na mbili ndizo zilizookoa watu zaidi. Moja ya hizo mbili, mAb114, asili yake ni damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, na Profesa Muyembe wetu ni mmoja wa walioifanyia kazi. Binti yangu alisema kwamba wataalamu walichora umbo la protini ya kile kirusi, na umbo la dawa, wakaona dawa inashika mahali gani hasa. "Basi Mama," alisema, "kama Ebola imechorwa, damu ya mdogo wangu nayo imechorwa. Michoro hiyo ni ya bure. Tunachohitaji ni kuifungua."

Kumbe kufungua ndiyo ilikuwa kazi.

Kuna hazina ya dunia nzima ambako wataalamu huweka maumbo ya protini wanayoyagundua. Inaitwa Protein Data Bank, na ilianza mwaka 1971. Kila umbo lina jina la alama nne. Damu ya mtu mzima wa afya, yaani ile hemoglobini inayobeba hewa, imo kwa jina 4HHB. Hemoglobini ya mgonjwa wa SS imo kwa jina 2HBS. Mtu yeyote anaweza kuchukua faili, halipiwi kitu, isipokuwa zile megabaiti za simu yako.

Nilidhani ndani ya faili kuna picha. Hakuna. Kuna mistari maelfu ya tarakimu. Kila mstari unataja atomu moja na mahali pake: kulia kiasi gani, juu kiasi gani, mbele kiasi gani. Ni kama mtu aliyekuandikia namna ya kusuka kikapu, uzi kwa uzi, lakini hakukuletea kikapu. Anayesuka ni programu ya kompyuta. Binti yangu alichagua inayoitwa Jmol kwa sababu ni ya bure, ni nyepesi, na inaweza kufanya kazi kwenye kompyuta ya zamani bila intaneti.

Tulikwenda kwa jirani mwenye umeme, ule unaotoka kwenye maji ya Matebe. Tulimpelekea ndizi kidogo, akatupa kiti na soketi. Binti yangu akabonyeza programu mara mbili. Badala ya kufunguka, ikatumwagia orodha ndefu ya mafaili yenye majina ya ajabu, kama gunia lililopasuka. Nikasema imeharibika. Akacheka: "Haijaharibika, Mama. Inaendeshwa na kitu kinachoitwa Java, na hapa hakimo. Kompyuta imeona gunia, ikafungua gunia." Ilibidi angoje mpaka aliporudi Goma, akaichukua Java kwa rafiki yake kwenye kijiti cha USB, na wiki mbili zikapita hivyo. Nawaambia hili ili mtoto wako akikwama pale pale usimlaumu. Aweke Java kwanza.

Mara ya pili programu ilifunguka, ukurasa mweusi kama usiku. Akaandika amri ya kuita damu, "load =2hbs". Ikakataa. Ile alama ya sawasawa inaiambia programu ikachukue faili kwenye intaneti, na siku hiyo mtandao ulikuwa umelala. Akaondoa alama, akaita faili aliyokuwa ameihifadhi, "load 2hbs.pdb". Ikakataa tena, ikisema faili haipo. Nasi tulikuwa tunaiona kwa macho, imekaa pale! Tulipoteza saa nzima. Mwisho akagundua kwamba wakati wa kuihifadhi kompyuta iliongeza mkia kwenye jina, ikawa "2hbs.pdb.txt", kisha ikauficha mkia huo tusiuone. Ni sawa na kumwita mtu kwa jina la ubatizo wakati yeye anajibu kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Akabadilisha jina, akaita tena, na damu ikaja.

Wamama, sitasahau. Kioo kilijaa mipira midogo na vijiti, kijivu, bluu na nyekundu, imejikunja kama matumbo ya mbuzi. Pembeni kote kulikuwa na vitone vyekundu vimetawanyika hewani. Nikashika mdomo. Nikasema: "Ule ndio ugonjwa, unatoka nje."

Sio. Katika programu hizi kila aina ya atomu ina rangi yake ya mazoea: oksijeni ni nyekundu, nitrojeni ni bluu, kaboni ni kijivu. Vile vitone vilikuwa maji tu, maji ya kawaida yaliyokamatwa pamoja na protini wataalamu walipoipiga picha kwa mionzi. Haidrojeni haionekani kwenye faili ile, kwa hiyo ya maji hubaki oksijeni peke yake, kitone chekundu. Lakini mimi niliona damu na ugonjwa. Nikamwambia binti yangu: "Mimi mama yako nimedanganyika. Wamama wa kikundi watadanganyika vile vile. Toa maji." Akaandika "restrict not water" na vitone vyote vikatoweka.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba picha inayotoka yenyewe ni ya mtaalamu. Ikiwa ni ya kwetu, inabidi tuitengeneze iseme lugha yetu. Tangu saa hiyo kazi ikawa ya wawili: yeye anaandika amri, mimi nasema ninachokiona.

Alibadilisha ukurasa kuwa mweupe, "background white". Akaondoa mipira na vijiti, akaagiza utepe, "cartoon on". Sasa tukaona umbo: tepe zilizojisokota kama nywele zilizosukwa. Lakini kitu kimoja kilipotea. "Chuma kiko wapi?" akajiuliza. Katika kila mnyororo wa hemoglobini kuna kisahani kidogo chenye chuma katikati, na hewa tunayovuta hukaa juu ya chuma hicho. Utepe huchorwa kwa protini tu. Kisahani si protini, kwa hiyo tulipoondoa vijiti kikaondoka navyo. Akakirudisha kwa kukiita kwa jina lake: "select hem", kisha "wireframe 0.3". Kama mtoto wako atakuja kukuambia chuma kimepotea, mwambie hakijapotea, hakijaitwa.

Kisha akanieleza habari ya shanga. Protini ni uzi wa shanga, na kila shanga ni aina mojawapo kati ya aina 20. Hemoglobini moja ina nyuzi nne: mbili zinaitwa alfa, kila moja shanga 141, na mbili zinaitwa beta, kila moja shanga 146. Ukijumlisha unapata shanga 574. Kwa mtoto wa SS, shanga zote ni sawasawa na zangu na zako, isipokuwa ya sita katika kila uzi wa beta. Pale ilipopaswa kuwa shanga inayopenda maji, iitwayo asidi glutamiki, kuna shanga inayokimbia maji kama mafuta, iitwayo valini. Shanga mbili kati ya 574. Mwanangu wa pili alifariki kwa ajili ya hizo mbili.

Nilitaka hizo zionekane hata kwa bibi asiye na miwani. Binti yangu akaandika rangi ya njano. Picha nzima ikawa ya njano! Tukarudia, ikawa njano tena. Kosa lilikuwa letu: programu hupaka rangi kile ulichokitaja mwisho, na mwisho tulikuwa tumetaja vyote. Ni kama kutuma mtoto dukani bila kusema duka gani. Lazima utaje kwanza, ndipo upake. Akaandika "select 6:B,6:D,6:F,6:H", maana yake shanga ya sita katika uzi B, D, F na H. Katika faili hii kuna hemoglobini mbili pamoja, kwa hiyo beta ni nne. Kisha "spacefill" ili ziwe mipira mikubwa, kisha "color yellow". Na zikawaka, mipira minne ya njano juu ya tepe.

Nikamwambia aandike neno HAPA karibu yake. Akaandika. Neno likatokea mara saba juu ya kila shanga, limeandikana, halisomeki. Tulicheka hadi jirani akaja kutazama. Sababu: shanga ile ya valini ina atomu saba zinazoonekana, na programu iliandika HAPA kwa kila atomu. Dawa ni kutaja atomu moja tu, ile ya uti wa mgongo, "select 6:B.CA", kisha kuandika neno. Likabaki moja, safi, na maneno yetu ya Kiswahili yakakaa kwenye picha ya wataalamu bila aibu.

Baada ya hapo tuliizungusha picha taratibu kwa kipanya. Ndipo niliona lile nililotaka kuliona. Shanga moja kati ya zile nne za njano haikuwa imekaa hewani. Ilikuwa imeingia kwenye shimo dogo la hemoglobini jirani, kama kidole kinavyoingia kwenye tundu la kifungo. Binti yangu akasema: "Ndiyo hiyo, Mama. Damu ikishaacha hewa yake mwilini, shimo lile hufunguka. Shanga ya mafuta inakimbia maji, inajificha humo. Ya pili inashika ya tatu, ya tatu inashika ya nne, mpaka zinakuwa kamba ndefu ngumu. Kamba hiyo inaikunja seli ya damu iwe kama mundu." Mundu! Tunaokatia nyasi. Ndiyo maana ya jina selimundu. Seli ya kawaida ni laini, inapita kwenye mishipa myembamba kama maji. Ile iliyokunjika inakwama, na nyuma yake nyingine zinakwama, na pale zilipokwama mtoto anapiga kelele: mfupani, tumboni, vidoleni. Tena seli ya kawaida huishi siku kama 120. Hizi hufa baada ya siku kama 10 hadi 20, ndiyo maana macho yake huwa ya njano na damu huisha kila mara.

Nilikaa kimya muda mrefu. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimpa pole bila kujua ninampa pole ya nini.

Sasa ikabaki kuchapisha. Tuliipeleka kwa wale wa sekretaria wanaochapa barua, lakini mashine yao ni ya nyeusi na nyeupe. Njano yetu ikatoka kama kivuli, na tepe zilizokuwa nyekundu na kijani zikawa kijivu kimoja. Mume wangu, aliyekuwa amekuja kutuchukua, alitazama kioo akasema hata pale kwenye kompyuta yeye haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Miaka 19 ya ndoa na sikujua! Tukaanza upya. Tepe zote zikawa kijivu cheupe, shanga ya sita ikawa nyeusi na kubwa. Anayeona rangi na asiyeona, wote wanaona mpira mweusi. Binti yangu alitaka pia kuifunika protini yote kwa ngozi laini ili ipendeze, lakini kompyuta ikaganda, tukaizima kwa nguvu na kupoteza kazi. Kwa mashine dhaifu utepe unatosha. Na kila mkipata picha nzuri, ihifadhini kabla ya kujaribu lingine.

Tulitengeneza karatasi mbili. Moja ya 4HHB, damu ya afya, na moja ya 2HBS. Tulijaribu kuziweka pamoja kwenye kioo kimoja, lakini kila tulipoita ya pili ya kwanza ilifutika. Tukaziacha mbalimbali, tukazibandika ubavu kwa ubavu kwa gundi. Mambo mengine hayahitaji kompyuta.

Sasa kikao. Ilikuwa karibu na tarehe 19 Juni, ambayo ni siku ya dunia ya selimundu. Wengi wenu mlikuwepo. Mliona mama mkwe wangu ameketi nyuma na kitenge chake amejifunika hadi kidevuni. Sikumwalika mimi, mjukuu wake ndiye aliyekwenda kumshika mkono.

Binti yangu alieleza kama nilivyoeleza hapa. Karatasi ikazunguka. Ilipomfikia, mama mkwe aliishika karibu na macho, akaweka kidole juu ya mpira mweusi mmoja, kisha juu ya mwingine wa hemoglobini ile ile. Akauliza kwa sauti, mbele ya wote: "Hii moja ni ya nani, na hii nyingine ni ya nani? Ipi ni ya mwanamke, ipi ni ya mwanangu?"

Moyo wangu ulisimama. Kwa uchovu wa miaka ningetaka binti yangu amwonyeshe tu: hii ya mama, hii ya baba. Ingekuwa rahisi, na kila mtu angeamini. Lakini yeye alijibu: "Koko, picha hii haiwezi kusema. Shanga ya Baba na shanga ya Mama zimefanana kabisa, hakuna anayeweza kuzitofautisha. Picha inaonyesha ugonjwa unavyofanya kazi. Ulikotoka tunaujua kwa njia nyingine: mtoto hupokea maelekezo mawili ya kutengeneza beta, moja kwa baba, moja kwa mama. Akipokea baya moja tu anakuwa AS, haugui. Ili awe SS lazima apokee mabaya mawili. Mmoja peke yake hawezi kutoa yote mawili."

Watu walinyamaza. Mama mkwe hakuondoa kidole. Baadaye akasema polepole: "Na mwanangu, yeye alipokea kwa nani?"

"Kwako, Koko, au kwa marehemu Babu."

Nyote mlisikia. Lakini msichokijua ni kwamba jioni ile alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kigoda, akanitajia majina ya watoto wake wawili aliowazika zamani, kabla ya mume wangu kuzaliwa. Sikuwahi kusikia majina hayo. Alisema mmoja vidole vilivimba. Hakuniomba msamaha kwa maneno. Alichukua mtoto akamweka mapajani, akampa maji, na kikombe kilipoisha akamwongezea. Ameendelea kumpa maji kila siku tangu hapo.

Nilimwambia na jambo jingine ambalo binti yangu alinifundisha, kwa sababu sikutaka alale na aibu kama nilivyolala mimi. Mwaka 1954 daktari mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, baada ya kupima damu za watu wa Kenya na Uganda, alionyesha kwamba watu wa AS wanalindwa dhidi ya malaria kali. Yaani shanga hii imebaki kwetu kwa sababu ikiwa moja iliwaokoa watoto wa mababu zetu. Ni zikikutana mbili ndipo inapoua. Sio laana ya ukoo wake wala ya ukoo wangu. Kongo yetu ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wa ugonjwa huu duniani, pamoja na Nigeria na India. Nyumba zetu mbili haziko peke yake.

Mume wangu alikubali kupimwa mwezi uliofuata. AS, kama mimi.

Sasa, wamama, nawaachia mambo machache ya kushika.

Kwanza, vijana wanaotaka kuoana wapimwe kabla ya mahari kutolewa. Wote wawili wakiwa AS, kwa kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto SS, mbili kati ya nne ya kupata AS, na moja ya kupata AA. Ni kwa kila mimba, sio kwa kuhesabu watoto. Kuzaa mmoja SS hakumaanishi watatu wanaofuata wamepona. Na ulizeni mnapimwa kipimo gani. Kile rahisi cha Emmel kinaonyesha kwamba selimundu ipo, lakini hakitofautishi AS na SS. Kinachotofautisha kinaitwa elektroforezi.

Pili, mwenye mtoto SS ampe maji mengi, amfunike vizuri wakati baridi ya Mikeno inaposhuka, amlaze ndani ya chandarua, ampe vidonge vya foliki anavyoandikiwa, na akiona homa asingoje asubuhi, ampeleke kituo cha afya. Msimchanje. Damu yake haina uchafu wa kutoa, na ni chache tayari.

Tatu, mwenye binti au kijana anayesoma biolojia na kemia, mpeni nafasi kwenye meza na mshumaa au umeme wa jirani. Akikwama, ketini naye. Hamtajua amri, lakini mtajua kumwambia "hapa mimi nimedanganyika," na hilo ndilo lililotengeneza picha yetu. Karatasi zile mbili ziko kwa mama mweka hazina wa likelemba yetu. Anayetaka kuzinakili azichukue, ila azirudishe kabla ya Alhamisi, maana kikundi cha upande wa pili wa barabara nacho kinazingoja, na mama mkwe wangu amesema safari hii atazipeleka yeye mwenyewe.